Siku Niliyoshika Antena

Runinga ile ilifika kijijini kwetu Ankazomena ikiwa imeviringishwa blanketi, juu ya lori la magunia ya mihogo mikavu, pamoja na betri ya gari iliyokwisha kutumika. Aliyeituma ni dada mkubwa wa mke wangu, anayeuza vitambaa mjini Fianarantsoa. Aliituma kwa mama yake, Bebe Masy, ambaye ni mama mkwe wangu. Bebe maana yake bibi, na kijiji kizima kinamwita hivyo, mimi nikiwemo.

Tuliiweka juu ya sanduku la nguo, upande wa kusini wa chumba, kwa sababu pembe ya kaskazini mashariki ni ya mababu na Bebe hakutaka kitu cha kelele kikae pale. Tukaunganisha betri, tukawasha. Ikatoa chenga tupu na mlio kama wa mafuta kikaangoni. Nikavuta vile vijiti viwili vya juu, nikavipanua, nikavikunja, nikavielekeza mlangoni, nikavielekeza darini. Mara moja niliona kivuli cha mtu kikipita ndani ya zile chenga, kama mtu anayekimbia mvua ya mawe, halafu kikapotea.

"Ndiyo hiyo?" Bebe akauliza.

"Ndiyo hiyo, Bebe."

"Mwanangu kanitumia mvua kwenye sanduku."

Basi ikakaa. Shemeji yangu Relaza, ndugu wa mke wangu, akawa anatundika kofia yake juu ya kijiti kimoja, na kuku mmoja alijaribu kutagia nyuma yake mpaka akafukuzwa.

Mambo yalibadilika mwezi wa sita, wakati wa baridi, redio ilipoanza kutangaza kwamba Alhamisi ya wiki ile, jioni kabla jua halijazama, mwezi utapita mbele ya jua na kulifunika lote, na giza hilo litapita juu ya nchi yetu ya kusini. Walirudia asubuhi na jioni: msilitazame kwa macho matupu, mtapofuka, vaeni miwani maalumu, au kaeni ndani. Mwalimu wetu alileta miwani ya karatasi kutoka mjini, lakini iliisha kabla hajafika nusu ya nyumba, na sisi tuko mwisho wa kijiji.

Bebe Masy hakuitaka miwani hiyo hata bure. Alikaa mlangoni, shuka limemzunguka mpaka kidevuni, akatoa amri.

"Siku hiyo hakuna mtu wa nyumba hii atakayekanyaga nje baada ya chakula cha mchana. Madirisha yote yafungwe. Jua kufunikwa ni shughuli ya Mungu wetu Zanahary mwenyewe. Mtu akiwa anavaa nguo, unachungulia?"

"Hapana, Bebe," tukasema wote.

"Haya." Akavuta shuka lake. "Lakini nataka kuliona."

Relaza akacheka. "Bebe! Utalionaje na madirisha umeyafunga?"

Bebe akanyoosha kidole kuelekea kwenye sanduku la nguo. "Redio imesema wataonyesha. Wana watu wao pwani kule magharibi, watalipiga picha. Hiyo haimuumizi mtu macho, wala si kuchungulia, maana wao ndio waliochungulia. Mkwe wangu atalileta."

Mkwe mwenyewe ni mimi, Ratsimba. Mimi ni Mbetsileo wa kaskazini, seremala. Nilikuja Ankazomena kuweka madirisha ya shule, nikamwona Soamana akitwanga mpunga, na sikurudi tena kaskazini. Lakini kwa Wabara, watu wa mke wangu, mwanamume ni ng'ombe, na mimi ng'ombe sina. Kwa hiyo kila chenye msumari, skrubu au waya kilikuwa changu.

"Na bora iwe hivyo," Relaza alikuwa akisema. "Shemeji ukimpa kamba ya ng'ombe, anaangalia ni mita ngapi."

Nilidandia lori hadi Ihosy kununua antena ya kuweka nje. Nilikuwa nimepita mji huo mara nyingi, lakini siku hiyo ndipo nilipotazama paa zake. Kila paa lenye antena, antena ilielekea upande mmoja, kule mlimani kwenye mnara. Zilikuwa kama kundi la ndege waliotua wakageuza vichwa vyote pamoja baada ya kusikia kitu. Nilisimama njiani nikizitazama mpaka mwenye mkokoteni akanitukana. Kitu kinatoka kwenye ule mnara, nikawaza, kinapita juu ya vichwa vyetu mchana kutwa, kinafika mpaka kwetu Ankazomena, kinapita juu ya ng'ombe na juu ya makaburi, na hatuna cha kukikamatia.

Muuzaji aliniambia maneno mawili tu ya maana: ipandishe juu kadiri unavyoweza, na uilenge mnara. Nikarudi nimeibeba begani, vijiti vyake vya fedha vimetoka nje ya gunia kama mifupa ya samaki mkubwa.

Kwetu ni mwiko ardhi kuguswa siku ya Alhamisi. Hakuna jembe, hakuna kaburi, hata mwiba wa uzio haupandwi. Kwa hiyo kazi ya kuchimba ilikuwa lazima iishe Jumatano. Nilikata mkaratusi mmoja ulionyooka, nikaumenya gome, nikaufungia antena kwenye ncha kwa boliti na kibano chake, nikauteremshia waya. Tukachimba shimo kando ya ukuta wa kusini. Kisha Relaza akaita majirani, na wanaume wakausimamisha mti ule kwa kamba na mabega, yeye akiuongoza kwa miluzi na matusi kama vile ni fahali anayekataa kuingia zizini.

"Msukume matako! Matako, nimesema, si pembe! Shemeji, toka hapo, utakanyagwa!"

Uliposimama, kila mtu akarudi nyuma na kutazama juu. Nilikuwa nimeishika antena ile siku mbili, nimeifuta vumbi kwa shati langu, lakini kule juu sikuitambua. Anga yetu ni kubwa. Kutoka kwetu mpaka upeo wa magharibi ni nyasi tu na vilima vya mchwa. Haikuwahi kubeba kitu kilichotengenezwa na mtu, na sasa vijiti vile vilikuwa vinang'aa pale juu.

Soamana akaingia ndani na binti yetu Vola, akafungua dirisha dogo ili aniambie. Mimi nikaukumbatia mlingoti chini na kuuzungusha taratibu shimoni, kabla hatujaushindilia.

"Bado," akasema. "Bado. Chenga. Chenga. Hee! Imekuja! Umepita, baba Vola, umepita, rudi!"

Nikarudi kidogo.

"Hapo! Usipumue!"

Tukashindilia udongo na mawe, kisha nikakimbia ndani. Palikuwa na mwanamume aliyevaa tai, anasema habari za barabara. Nyuso za watu wote chumbani zilikuwa zimepata mwanga wake wa buluu. Bebe Masy alikuwa amekaa mbele kabisa, ameshika magoti yake kwa mikono miwili, amekunja uso kukikazia kioo macho. Nilidhani hajafurahi.

"Amenyoa vibaya," akasema mwishowe, polepole. "Hapa, chini ya taya. Kuna nywele zimebaki."

Akanigeukia, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Yuko Antananarivo, na mimi naona nywele zilizobaki shingoni mwake."

Usiku ule upepo wa kusini mashariki ulivuma mpaka alfajiri. Asubuhi ya Alhamisi nilipowasha, chenga. Nikatoka nje, nikatazama juu, nikaona antena inazunguka kwenye ncha ya mlingoti, inaangalia kusini, mara kaskazini, kama mtu aliyepotea sokoni. Nati ya kibano ilikuwa imelika meno. Kuing'oa na kuibadilisha kulitaka mlingoti ulazwe chini, na kuulaza kulitaka kuchimbua.

Bebe alisimama mlangoni. "Ardhi haiguswi leo."

"Najua, Bebe."

"Hata kwa kucha."

"Nitapanda ngazi."

Nikaegemeza ngazi kwenye ukuta na mlingoti, nikapanda na vipande vya mpira wa tairi, nikaifunga antena mahali ilipokuwa jana. Kutoka dirishani Soamana akapiga kelele ya furaha. Nikaachia mikono. Akapiga kelele nyingine.

"Imeondoka!"

Nikaishika. "Imerudi!" Nikaikaza zaidi, nikaachia. "Imeondoka!" Nilifunga upya, nikalegeza, nikasogeza unywele kushoto, unywele kulia. Picha ilikuja tu mkono wangu ukiwa juu ya kile kijiti cha nyuma. Nikiondoa mkono, chenga. Mpaka leo sijui mkono wangu ulikuwa na nini.

Kufikia saa za mchana nyumba yetu ilikuwa imejaa. Waliokosa miwani walikuja, na waliokuwa na miwani walikuja vilevile. Relaza akatoa kichwa dirishani.

"Shemeji, tumeshauriana huku ndani."

"Mmeshauriana nini?"

"Kaa huko huko."

Wakacheka chumba kizima, lakini kicheko kilikuwa kifupi, maana kila mtu alijua Bebe amesema nini kuhusu kukanyaga nje. Kisha mlango ukafunguka na Bebe mwenyewe akatoka, akaja mpaka chini ya ngazi.

"Mkwe, utakaa nje?"

"Mnara uko mashariki, Bebe. Nikiishika antena hivi naangalia mashariki. Jua litakuwa mgongoni mwangu. Sitaligeukia."

Aliitikisa ngazi kuona kama imekaa. Angeweza kusema shuka, na runinga ibaki na chenga zake. Nilitamani aseme hivyo, nisikudanganye. Lakini pia sijawahi, katika miaka yote niliyokaa kijiji kile bila ng'ombe, kuona watu wote wakingoja kitu kutoka mkononi mwangu.

Bebe akavua shuka lake, lile jeupe alilokuwa akivaa kwenda kuzika wenzake, akanirushia. "Jifunike kichwa. Na usigeuke. Hata nikikuita mimi, usigeuke."

Akaingia. Nikasikia madirisha yakifungwa moja baada ya jingine, kisha mlango. Dirisha dogo la Soamana tu ndilo liliachwa na ufa wa kupitisha sauti.

Nikabaki peke yangu juu ya kijiji kitupu. Chini yangu hapakuwa na mtu, hata mtoto. Ng'ombe wa Relaza walikuwa mbali kwenye nyasi, weusi na wekundu. Mbele yangu mashariki ulikuwa mlima wetu wa jiwe, umepigwa na jua lote la jioni, unaonekana kila ufa.

"Wameanza!" Soamana akasema. "Wanaonyesha bahari. Watu wengi wamesimama mchangani. Sasa wanaonyesha jua. Limeng'atwa, baba Vola! Upande mmoja limeng'atwa!"

Kwa muda mrefu sikuona tofauti yoyote. Halafu nikaona kwamba mwanga umekuwa mwembamba. Sina neno jingine. Haukuwa mwanga wa mawingu wala wa jioni. Jua lilikuwa bado linanipiga kisogoni, lakini kama vile limechanganywa na maji. Udongo mwekundu wa uwanja ukawa rangi ya shaba iliyochakaa. Kivuli cha mkono wangu kwenye mlingoti kikawa kikali kupita kiasi, nikaona ndani yake nywele zake, moja moja.

Chini ya mpera wa uani, yale madoa ya mwanga yanayopenya kwenye majani yalikuwa yamebadilika umbo. Kila doa lilikuwa limepinda kama ukucha uliokatwa. Yalikuwa mamia, ardhini na ukutani, yote yameelekea upande mmoja, yanatikisika pamoja upepo ukipita. Kisha upepo ukakata.

Baridi ikapanda kutoka chini. Kuku wakapita kwenye uwanja kwa mstari, bila haraka, wakaingia bandani. Kule mbali ng'ombe waliacha kula, wakageuka nyumbani bila kuitwa.

"Limebaki kama uzi," Soamana akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Baba Vola, uko salama?"

"Niko."

"Unaogopa?"

"Sana."

"Na mimi."

Mara ndani kukazuka kelele ambayo sijapata kusikia, wanaume na wanawake pamoja. "Limezimika! Pwani limezimika! Watu wa pwani wako gizani!" Nikasikia pia kelele nyingine nyuma ya hiyo, ndogo, ya bati; nikatambua kuwa ni wale watu wa mchangani, wanapiga mayowe ndani ya runinga yetu.

"Huku bado!" nikapaza sauti. "Huku kuna mwanga bado!"

Na kweli ulikuwepo. Hicho ndicho kilichonitisha kuliko vyote. Giza lilikuwa limekwisha kufika mahali, watu walikuwa ndani yake, wanaonekana, nami nilikuwa nangoja, nimeligeuzia mgongo, nikijua kwamba liko njiani, linakuja juu ya nyasi zote zile, na hakuna mlima wala mto wa kulizuia.

Sikusikia chochote. Nilitegemea kishindo. Kitu kikapita juu yangu kutoka nyuma, kimya, na mkono wangu ulioshika antena ukapoteza rangi. Mimi nilikuwa gizani, lakini mlima wa jiwe mbele yangu ulikuwa bado na jua. Nikaona ukingo wa kivuli ukikimbia kwenda kwake, ukipita juu ya mashamba, juu ya barabara, upesi kuliko farasi au gari au ndege yoyote, ukaupanda mlima na kuuzima kutoka chini mpaka kileleni, na kuendelea zake mashariki.

Ndani kelele zilikatika ghafla. Nadhani ndipo mwanga ulipotoka kwenye nyufa za madirisha.

Niligeuka. Sikuamua kugeuka, mwili uligeuka wenyewe, na shuka la Bebe likaanguka, na mkono ukaachia antena.

Pale jua lilipokuwa, palikuwa na duara jeusi. Nimeona usiku usio na mwezi, nimeshuka kisimani, lakini weusi kama ule sijauona tena. Na kulizunguka, pande zote, kulitoka nywele nyeupe, laini, ndefu, zimetulia, kama nywele za mtu mzima sana aliyelala ndani ya maji. Kwenye ukingo wa duara palikuwa na vipande vidogo vyekundu, kama makaa yaliyosahauliwa jikoni. Karibu yake nyota moja. Na chini, upeo wote wa dunia, magharibi, kusini, kila nilikogeuza kichwa, ulikuwa na rangi ya machungwa, kama vile jua limezama kila upande kwa wakati mmoja na sisi tumebaki katikati.

Nilikuwa nalia na sikujua. Kutoka ndani nilisikia mayowe, lakini kama yanatoka chini ya maji. "Chenga! Shika! Shemeji, shika!" Walikuwa wamebaki ndani ya chumba cheusi na mvua yao kwenye sanduku. Kisha sauti moja ikazipita zote.

"Tsimba! Tsimba, mwanangu! Uko hai?"

Bebe Masy hakuwahi kulifupisha jina langu, wala kuniita mwanangu. Sikuondoa macho kwenye lile duara.

Mlango ukafunguka. Nilimwona akitoka kwa kupapasa ukuta, kichwa ameinamisha, macho yameganda kwenye miguu yake. Bila shuka alionekana mdogo. Alikuja hivyo hivyo, mkono ukutani, mpaka akaishika ngazi.

"Uko hai?"

"Niko hai, Mama."

"Mbona umeachia?"

"Mama, tazama."

"Nilisema mtu asitazame."

"Limefunikwa lote, haliumi. Mama. Tazama."

Alisimama vile, amekumbatia ngazi, nikahisi mtetemeko wake ukipanda kwenye mbao mpaka kwenye nyayo zangu. Kisha akanyanyua uso.

Nilitazama chini nikaona mdomo wake umefunguka, na ule mwanga wa ajabu, mweupe kama wa samaki, umekaa kwenye mashavu yake na kwenye meno machache yaliyobaki. Alikuwa kama msichana anayemngoja mtu.

"Kwenye sanduku lilikuwa kama sarafu," akasema polepole. Kisha akageuka, akapiga kelele kwa nguvu zake zote. "Tokeni! Tokeni nyote! Msibaki! Haraka!"

Wakatoka. Walitoka wakisukumana, wakimwogopa yeye kuliko giza, na kila mmoja alipovuka kizingiti alisimama palepale, mpaka waliokuwa nyuma walilazimika kupita pembeni. Mwanamke mmoja alianza kigelegele, kikamfia kooni. Relaza, ambaye hata mbele ya mkuu wa wilaya hakuwahi kuvua kofia, aliivua akaishika kifuani. Soamana alimbeba binti yetu Vola, na Vola alikuwa amenyoosha mkono juu, vidole wazi, kama mtu anayetaka kupewa.

Kijiji kizima, na ng'ombe wamesimama nyuma ya watu kwa sababu nao walikuwa wamefika, na hakuna aliyekohoa.

Kisha kwenye ukingo mmoja wa lile duara kukatokea tone la moto.

"Inamisheni macho!" Bebe akapaza sauti. "Basi! Limerudi kwa mwenyewe! Inamisheni!"

Watu wote wakainama kwa pamoja, na mwanga ukaja juu ya migongo yetu kutoka magharibi, ukipita juu ya nyasi kama maji yaliyofunguliwa. Jogoo akawika. Mwingine akamjibu. Nilitazama mikono yangu, ilikuwa na rangi tena.

Niliposhuka, nikakaa chini ya ngazi. Bebe naye alikuwa amekaa chini, ardhini kabisa, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto. Alimtuma Soamana alete maji ya ukoko, yale yanayochemshwa kwenye sufuria la wali. Yalipokuja, hakunywa. Alinipa mimi kikombe kwanza, mbele ya watu, akangoja nimalize ndipo akajaziwa chake.

Relaza alikuja akasimama juu yetu, bado ameshika kofia.

"Shemeji," akasema. Akaizungusha kofia mkononi. "Shemeji, ungevumilia kidogo tu, tungeliona kwenye runinga."

Kicheko kilianza kwa Bebe. Kikaenda kutoka mtu mmoja hadi mwingine, watu walicheka mpaka wakashikana, wengine wakilia humo humo, na hawakuweza kuacha. Ndani ya nyumba tupu runinga ilikuwa inaendelea kuunguruma chenga zake, hakuna aliyeikumbuka mpaka betri ikaisha.

Kesho yake niliteremsha mlingoti, nikaweka nati mpya, nikaupandisha. Picha ilikuja safi bila mkono wa mtu. Tumetazama mengi tangu siku hizo: mpira, vimbunga vya pwani, marais wakiapishwa, nyimbo. Bebe alipenda taarifa ya habari, na aliendelea kukagua mashavu ya kila mtangazaji.

Lakini jioni ile ya Alhamisi hakuna aliyeingia ndani. Jua lilikuwa limebakiza safari fupi, nalo likazama kama kawaida yake, nyuma ya nyasi, na watu walisimama wameligeuzia upande wa uso, wakiuchungulia mwanga wake ardhini na kwenye kuta, mpaka rangi ya mwisho ikaondoka. Sijawahi kuona watu wakilisindikiza jua. Ng'ombe waligoma kulala, wakawa wanazunguka zizini. Vola akamvuta Bebe nguo.

"Bebe, kesho litakuja?"

"Litakuja."

"Umejuaje?"

Bebe akageukia kule lilikozama.

"Nenda kalale," akasema.

Alfajiri niliamka kwa baridi, nikakuta mlango wetu uko wazi. Bebe Masy alikuwa nje, amejifunika shuka, ameelekea mlima wa jiwe. Hakuwa peke yake. Mbele ya kila nyumba palikuwa na watu wamesimama, wamejikunyata, watoto wamebebwa, na mwalimu na mkewe, na Relaza na kofia yake mkononi. Hatukuwa tumepanga. Soamana akaja kusimama nyuma yangu, nikahisi pumzi yake begani.

Mlima ulianza kuwa na ukingo wa dhahabu. Ukapanuka. Kisha jua likatoka, zima, la mviringo, na joto lake likatufika usoni.

"Haya," Bebe akasema, akaingia ndani kuwasha moto.